Mafundo kwenye mizizi: kisa cha soya, minyoo na mfuko wa mbegu usio na lebo

Kisa hiki kinahusu kikundi cha wafugaji wa kuku walioko tambarare, kusini ya mji wa Moshi. Majina, kijiji na kila kinachoweza kumtambulisha mtu nimeviondoa. Mimi nilikuwa mshauri wao wa kilimo. Nakiandika kwa ajili ya maafisa ugani na viongozi wa vikundi ambao wameshaulizwa, au wataulizwa, swali nililoulizwa mimi kuhusu mbegu iliyobadilishwa vinasaba (GMO) na minyoo wa udongo wanaoshambulia mizizi: "Bwana shamba, hii soya ya GMO isiyoliwa na minyoo, tununue au tusinunue?" Kosa la kwanza katika kisa hiki ni langu, nami nitalitaja mahali pake.

## Usuli

Kikundi kina watu 23, wengi wao akina mama, na kila mmoja ana banda la kuku wa mayai nyumbani. Kilichowakutanisha ni bei ya chakula cha kuku. Pumba za mahindi Moshi zipo. Mashudu ya alizeti yapo, ukiwa na hela. Dagaa wanakuja na mchanga nusu kwa nusu. Soya ndiyo kazi: nyingi hulimwa Ruvuma, Njombe na kwingineko Nyanda za Juu Kusini, kwa hiyo ikifika Kilimanjaro nauli imeshakaa juu ya bei. Wakapiga hesabu, wakaona afadhali walime wenyewe, wakakodi ekari 11 za pamoja.

Shamba lina sura mbili. Upande wa juu ni mfinyanzi mweusi, ule unaopasuka kiangazi hadi mguu wa mbuzi unazama. Upande wa chini, karibu na mto, kuna ukanda wa ekari nne hivi wa udongo wa kichanga, rahisi kulima, na kila mtu aliupenda kwa sababu hiyo. Maji yanakuja kwa mfongo, yaani mfereji wa umwagiliaji, ambao kabla ya kufika kwao, unapita kwenye mashamba ya nyanya ya watu wengine. Na ule ukanda wa kichanga wenyewe ulikuwa shamba la nyanya na bamia kwa miaka mingi kabla ya soya.

Hilo la mwisho sikulijua. Siku ya kwanza niliuliza habari za maji, mbolea na mbegu. Mbegu ilikuwa halali, yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Shamba lililimwa nini kabla yao, sikuuliza.

Nikawafundisha kuchanganya mbegu na bakteria wa soya kabla ya kupanda. Soya ikipata bakteria wake, jamii ya Bradyrhizobium, hutengenezewa naitrojeni ya hewani ndani ya vinundu vya mizizi, na mkulima anapumua kwenye gharama za urea. Nikamalizia somo kwa sentensi niliyoizoea: "Mkiona vinundu kwenye mizizi, furahini." Sentensi hiyo ilitugharimu mwaka mzima.

## Kilichotokea, msimu kwa msimu

Masika ya kwanza, wiki ya sita, mwenyekiti aling'oa mche kwenye kichanga, akaupiga picha, akaituma kwenye grupu la WhatsApp. Mizizi imejaa uvimbe. Akaandika, "Bwana shamba, vinundu hivyo!" Nilikuwa kwenye daladala kati ya Usa River na Arusha mjini. Nikaitazama picha kwa sekunde chache, nikajibu kwa dole gumba na "Hongereni sana." Hilo ndilo kosa langu. Mavuno ya mwaka huo yalifika kama gunia nne kwa ekari, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza zaidi.

Masika ya pili kichanga kikaanza kuonyesha mabaka. Soya ya njano, iliyodumaa, mabaka ya mviringo yaliyokuwa yakirefuka kufuata mwelekeo wa maji. Saa sita mchana majani yanalegea ingawa udongo una unyevu, jioni yanasimama tena. Wakadhani ni njaa, wakaweka urea. Mabaka yakabaki pale pale. Juni wakaniita.

Nilichimba kwa jembe, sikung'oa, kwa sababu kung'oa huacha mizizi midogo ardhini na ndiyo yenye habari. Nikaosha mizizi kwenye ndoo. Hapa niseme tofauti ambayo ningeisema mwaka mmoja kabla. Kinundu cha bakteria kimekaa ubavuni mwa mzizi kama kupe ubavuni mwa ng'ombe; ukikisukuma kwa kucha kinabanduka, na ukikipasua kikiwa kinafanya kazi, ndani ni chekundu au cha rangi ya waridi. Fundo la minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Halibanduki mpaka ukate mzizi, na ndani hakuna wekundu.

Nilimwomba mwenyekiti ajaribu kwa kucha yake. Akajaribu, akajaribu tena, akanyamaza kidogo.

"Kwa hiyo ile picha ya mwaka jana..."

"Ilikuwa hii hii, mama."

Tukachukua udongo na mizizi kutoka sehemu tano za shamba. Ukanda huu wetu una bahati kwa jambo hili: Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA) iko Ngaramtoni, Taasisi ya Nelson Mandela iko Tengeru, si lazima sampuli isafiri hadi Morogoro. Zetu zilipimwa wapi sitasema, maana kisa si cha maabara. Kipimo chenyewe si cha ajabu. Udongo unatandazwa juu ya karatasi laini iliyowekwa kwenye chekecheo, chini yake maji. Kwa siku moja au mbili minyoo walio hai wanajipenyeza hadi kwenye maji, kisha wanahesabiwa kwa hadubini. Ni wadogo, chini ya nusu milimita, jicho halifui dafu.

Majibu: minyoo fundo, jamii ya Meloidogyne, spishi mbili zikiwa zimechanganyika, incognita na javanica. Kwenye kichanga walikuwa wengi sana, kwenye mfinyanzi wachache. Mizizi kadhaa ilikuwa pia na uozo wa kuvu wa Fusarium, jambo la kawaida, kwa sababu minyoo hufungua mlango na kuvu hupita humo humo. Na kilichokuja kuwa muhimu baadaye: hapakuonekana sisti (kifuko cha mayai cha mnyoo wa jamii nyingine) hata moja.

Mavuno ya msimu huo kwenye kichanga yalikuwa gunia moja na nusu kwa ekari. Kwenye mfinyanzi yalibaki karibu na ya mwaka wa kwanza.

## Mfuko

Agosti, kabla hatujaamua lolote, akatokea muuzaji. Ana mfuko wa kilo 50 wa nailoni usio na lebo yoyote, na simu yenye video. Kwenye video mtu anaeleza kwa Kiingereza kwamba kuna soya iliyobadilishwa vinasaba ambayo mizizi yake inaua minyoo ardhini. "Ndiyo hii," akasema, akipiga mfuko kofi. "Imetoka ng'ambo ya Namanga. Kenya wamesharuhusu." Bei Sh 12,000 kwa kilo, na kila anayenunua leo anapunguziwa.

Ugumu wa kumjibu mtu wa namna hii ni kwamba vipande vya maneno yake vilikuwa vya kweli. Baraza la Mawaziri la Kenya lilitangaza kuondoa marufuku ya GMO Oktoba 2022, ingawa kesi zikafuata mahakamani na mazao yaliyokuwa yakizungumzwa zaidi yalikuwa mahindi na pamba. Soya inayopambana na minyoo nayo ipo: mamlaka ya kilimo ya Marekani iliiondoa moja kwenye vizuizi vyake mwaka 2021. Yeye alichukua kipande huku na kipande kule, akavishona kwenye mfuko wake.

Kikundi kikagawanyika. Waliopoteza zaidi kwenye kichanga walitaka kununua hata kilo kumi za kujaribu. Wengine walisema wazi kwamba wateja wao wa mayai, hasa wa hoteli, wakisikia neno GMO wataondoka. Mzee mmoja aliuliza kama kuku wakila soya hiyo watataga mayai yenye minyoo iliyokufa. Watu walicheka, lakini hakuwa peke yake mwenye wasiwasi. Mabishano yakaendelea karibu miezi miwili, mkutano baada ya mkutano, na kwenye grupu usiku.

Katika mkutano mmojawapo, chini ya "mengineyo", watu wakiwa wameshaanza kukusanya mikoba, likapitishwa jambo dogo: ukanda wa kichanga ukodishwe kwa mtu wa nyanya kipindi cha kiangazi ili kufidia hasara. Nilikuwepo. Nilikuwa nimechoka kuulizwa kuhusu GMO. Sikusema kitu.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutonunua mfuko. Niliusimamia kwa sababu tatu zisizolingana uzito, na nilizitoa kwa mpangilio mbaya.

Nilianza na sheria. Tanzania ina Kanuni za Usalama wa Bioteknolojia za mwaka 2009 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira. Huwezi kupanda zao lililobadilishwa vinasaba kwa sababu tu limevuka mpaka kwenye buti la gari. Hata watafiti wamepita njia nyembamba: majaribio ya mahindi ya aina hiyo yalianza Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, na mwaka 2018 serikali ikaagiza yasitishwe. Yote kweli. Lakini kwa watu waliopoteza gunia kumi, nilisikika kama karani anayelinda kitabu chake. Mama mmoja akaniambia kwa upole, "Bwana shamba, hiyo sheria haili soya. Minyoo ndio wanakula."

Sababu ya pili ilikuwa lebo. Mbegu isiyo na lebo hujui inaota kwa kiasi gani, wala imebeba ugonjwa gani. Hapo walinielewa, wote wameshauziwa mbuzi kwenye gunia kwa namna moja au nyingine.

Ya tatu ndiyo ilipaswa kuwa ya kwanza: hata kama mfuko ungekuwa na soya ile ile ya kwenye video, haikutengenezwa kwa ajili ya minyoo wao.

Hapa inabidi nikae kidogo, kwa sababu ndipo maafisa wengi tunapoteleza. Adui mkubwa wa mizizi ya soya Marekani ni mnyoo mwingine, anayeitwa Heterodera glycines. Jike lake hujaa mayai, hufa, na mwili wake hukauka ukawa kifuko kigumu kinacholinda mayai ardhini kwa miaka. Hicho ndicho sisti. Aligunduliwa Marekani mwaka 1954, North Carolina, na tangu hapo pesa na akili nyingi za utafiti wa soya zimemwelekea yeye. Soya ya mwaka 2021 ilipewa jeni kutoka kwa bakteria wa udongo Bacillus thuringiensis, inayotengeneza protini iitwayo Cry14Ab. Mnyoo akinyonya mzizi, protini inamharibu utumbo. Imelengwa kwa mnyoo wa sisti. Maabara ilikuwa imetuambia, kwa maandishi, kwamba sisti kwetu hakuna. Ilikuwa kama kununua kufuli zuri la mlango usio wako.

Na hata huko kwenye mlango wake, kinga si jambo la kununua mara moja ukalala. Kabla ya uhandisi wa vinasaba, waboreshaji wa mbegu wa Marekani walikuwa na kinga ya asili iliyotoka kwenye soya za Asia, moja ikiitwa Peking, nyingine ikijulikana kwa namba tu, PI 88788. Mwaka 2012 watafiti walieleza siri yake: kwenye kromosomu ya 18 kuna kipande chenye jeni kadhaa jirani, na soya inayoshambuliwa ina nakala moja ya kipande hicho, Peking ina tatu, PI 88788 ina kumi. Nilipenda sana habari hiyo niliposoma. Kinga haikutokana na jeni ngeni bali na kurudiwarudiwa kwa ile ile. Lakini kwa kuwa karibu mbegu zote zenye kinga zilitegemea PI 88788, minyoo wakazoea. Mashamba mengi sasa yana minyoo wanaokula mizizi hiyo bila shida, ndiyo maana makampuni yakageukia Cry14Ab.

Kwa minyoo fundo, wale wetu, kazi ya uhandisi ipo na inavutia, ila iko hatua nyingine. Mwaka 2006 watafiti walitumia mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis: waliufanya utengeneze ujumbe unaozima jeni moja ya mnyoo, 16D10, ambayo mnyoo huihitaji ili ashike mzizi. Mmea ukapata kinga dhidi ya spishi nne za minyoo fundo, zikiwemo incognita na javanica. Mwaka 2011 mbinu ya kuzima jeni za mnyoo ikaonyeshwa kwenye mizizi ya soya yenyewe, na mafundo yakapungua sana. Lakini mizizi hiyo ilikuwa mizizi-nywele, inayooteshwa kwa kutumia bakteria Agrobacterium rhizogenes. Mzizi peke yake ndio uliobadilishwa. Hata pale mzizi wa namna hiyo unapobeba mmea mzima, shina, maua na mbegu hubaki vya kawaida. Ukivuna mbegu zake ukazipanda, kinga haimo. Ni njia ya kujaribia wazo haraka, haizai mfuko wa kilo 50.

Nilipoeleza hili la mwisho kwa kuchora mche chini kwa kijiti, juu nyeupe na chini nyeusi, ndipo kwa mara ya kwanza mkutano ulitulia. Sio kwamba walikubali. Walianza kuuliza maswali mengine.

Uamuzi wa pili: kupima. Rafiki anayekagua nafaka alinipa vijikaratasi vitatu vya kutambua protini ya CP4 EPSPS, ile inayoifanya soya istahimili dawa ya magugu ya glaifoseti, iliyoingia mashambani Marekani mwaka 1996 na kuenea kuliko zote. Unasaga mbegu, unatia maji, unachovya, unasubiri dakika chache. Mstari mmoja kila mara: haimo. Niliwaambia bayana kwamba kijikaratasi hujibu swali moja tu. Kilikuwa kimetuambia kwamba mbegu tulizopima hazina protini hiyo. Hakikusema hazina nyingine. Hata hivyo kwa watu waliokuwa wakiogopa mfuko kama bomu, na kwa wale waliokuwa wakiutamani kama dawa, mstari ule mmoja uliushusha ukawa mfuko wa soya tu.

Uamuzi wa tatu, wa namna ya kupunguza minyoo, ulichelewa hadi Novemba. Kilichouharakisha sikukipanga mimi.

## Mche wa nyuma ya jiko

Mwanachama mmoja, mama mtulivu ambaye kwenye mikutano hakuwahi kuchangia, alikuwa amenunua kilo mbili kimya kimya siku ile ile ya video. Alibeba ndoo kadhaa za udongo wa kile kichanga, akaumwaga kwenye tuta nyuma ya jiko lake, akapanda, akamwagilia. Baada ya wiki nane alichimba mche mmoja, akaufunga kwenye kanga, akaja nao mkutanoni. Akaufungua juu ya meza bila kusema neno.

Mafundo mengine yalikuwa makubwa kama punje ya mahindi.

Kama mshauri nilipaswa kukasirika, na kwa kweli kupanda mbegu isiyojulikana ni jambo nililokuwa nimekataza. Lakini alifanya katika wiki nane kile ambacho maneno yangu hayakufanya katika miezi miwili. Mwenyekiti alichukua mche, akajaribu kubandua fundo kwa kucha, kama nilivyomfundisha Juni, akaupitisha kwa jirani. Mche ulizunguka meza nzima. Ulipofika kwangu nilikuwa sina la kuongeza.

Tulikubaliana mabaki yote ya mbegu hiyo yachemshwe na yaliwe na kuku. Soya mbichi haifai kuku hata hivyo. Ina vizuizi vya umeng'enyaji wa protini ambavyo moto pekee unaviondoa.

## Matokeo

Mtu wa nyanya alipomaliza mavuno, tulichimba mizizi yake. Ilikuwa kama tangawizi. Mnyoo jike mmoja hutaga mayai kwa mamia, na kwenye udongo wa joto kama wa tambarare kizazi kimoja huchukua wiki nne hivi, kwa hiyo kiangazi kimoja cha nyanya iliyomwagiliwa kilikuwa karamu ya vizazi kadhaa. Tulikuwa tumebishana juu ya mfuko mmoja huku tukiwalisha minyoo kwa mkataba wa maandishi.

Mpango wa Novemba ulikuwa hivi. Soya ibaki kwenye mfinyanzi tu, ekari saba. Mizizi ya nyanya ichimbwe na kuanikwa juani badala ya kulimiwa ndani. Nusu ya kichanga ipandwe marejea, mmea wa kurutubisha udongo, kwa vuli. Minyoo huingia mizizini mwake lakini wengi hawafiki kuzaa. Tuliikata ilipoanza maua, kabla ya mbegu, maana mbegu za jamii hiyo si za kuchezea karibu na kuku. Nusu nyingine tulipanga karanga masika, ambazo spishi zetu mbili kwa kawaida hazizipendi. Mahindi tuliyaacha kwa makusudi, ingawa wengi waliyapendekeza: kwenye mzizi wa mahindi minyoo hawa wanaweza kuendelea kuzaana bila wewe kuona dalili ya maana juu.

Halafu samadi. Watu 23 wenye mabanda ya kuku walikuwa wakiuza samadi yao kwa wakulima wa mboga. Samadi ya kuku ikichanganywa na udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda hutoa amonia inayowaumiza minyoo, kisha inalisha viumbe wengine wa udongo wanaoshindana nao. Ile nusu ya kichanga yenye marejea ikapata samadi hiyo. Nilijisikia mjinga kidogo kwamba hilo lilikuwa mlangoni siku zote.

Masika ya tatu mfinyanzi ulitoa tena kama gunia nne kwa ekari. Kujua hali ya kichanga hatukutegemea macho: tulichukua udongo wa kila nusu, tukaujaza kwenye makopo, tukapanda miche ya nyanya aina inayoshambuliwa kirahisi, na baada ya wiki sita tukaosha mizizi. Makopo ya nusu ya marejea na samadi yalikuwa na mafundo machache, ya kutafuta. Kopo la udongo tuliouchukua pembeni, mahali ambapo hatukufanya lolote, lilikuwa limejaa. Makopo ya udongo wa karanga yalikuwa na mafundo ya wastani. Hakuna kopo lililokuwa safi kabisa.

Muuzaji hajaonekana tena. Nasikia siku hizi anauza vifaranga.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni kucha ya mwenyekiti. Nasema hivyo bila utani. Kipimo cha maabara kilikuwa cha lazima, kwa sababu bila jina la mnyoo hatungejua kwamba Cry14Ab haituhusu wala kwamba karanga zinafaa. Lakini kilichobadilisha mwenendo wa watu ni jambo walilolifanya kwa mikono yao na kuliona. Kama ningerudia, siku ya mafunzo ya bakteria ningekuja na mizizi miwili kwenye ndoo moja, wa vinundu na wa mafundo, na kila mtu angebandua. Nimewahi kuona mwongozo unaoeleza vinundu kwa ukurasa mzima na usitaje mafundo popote.

Picha ya simu ilishindwa, na si kwa sababu ya simu. Nilijibu nilichotarajia kuona. Sasa nikitumiwa mzizi naomba picha mbili, moja ya mzizi mzima uliooshwa na nyingine ya uvimbe uliopasuliwa, na nisipopata ya pili sijibu.

Mjadala wa GMO nauhesabu kama hasara, lakini si kwa sababu watu walijadili GMO. Wana haki ya kuijadili, na wafugaji wanaouza mayai wana sababu ya kibiashara kufikiria wateja wao. Hasara ilikuwa kwamba nilikubali swali lije kama lilivyoletwa na muuzaji, tunaitaka GMO au hatuitaki, wakati swali hilo halikuwa na jibu kwetu. Kuna GMO ya dawa ya magugu, kuna ya mnyoo wa sisti, kuna iliyobaki kwenye mizizi ya maabara, na kila moja ni kitu tofauti. Ningeuliza mapema, "Ni kinga dhidi ya mdudu gani?" mjadala ungeisha mkutano wa kwanza, na pengine tungekuwa na nguvu ya kusikiliza lile jambo dogo la mengineyo.

Upande wangu wa sheria niliutumia vibaya. Sijutii kuitaja, najutia kuiweka mbele kama ngao. Na kuna hatua niliyoiruka. Mbegu isiyo na lebo inayouzwa kwa madai ya kubadilishwa vinasaba ni jambo la kuripoti kwa mamlaka siku hiyo hiyo, kabla ya vijikaratasi vya rafiki na kabla ya mtu kupanda nyuma ya jiko. Nilitaka kwanza kuwa na uhakika. Muuzaji akawa ameshapita vijiji vingine.

Sijui niseme nini kuhusu yule mama. Katika ripoti rasmi ningeandika kwamba alikiuka makubaliano, na ni kweli. Tuta lake lilikuwa dogo, mbali na shamba, na udongo ule alikubali tuuweke juani chini ya nailoni baada ya hapo. Ila nimeshapokea simu mbili kutoka vikundi vingine wakiuliza kama wanaweza "kufanya jaribio kama la Moshi", na nimewaambia hapana.

Kinachobaki bila ufumbuzi ni mfongo. Maji yanayopita kwenye nyanya za juu yanaleta minyoo na mayai kila zamu ya umwagiliaji, na hakuna kiasi cha samadi kitakachoshinda mlango ulioachwa wazi. Tumeomba kamati ya maji itupe zamu ya kwanza badala ya ya mwisho, na tukazungumza na mwenye nyanya wa juu juu ya kuchimba mizizi yake baada ya mavuno. Alisikiliza, akatutengea chai, akasema kwamba nyanya zake hazina ugonjwa wowote. Tulimwomba atuchimbie mche mmoja. Alisema tuje wiki ijayo, na tutakwenda na ndoo.